Lenana, laiboni aliyeyaona malisho ya Wamaasai yakipotea

JINA la Lenana linafahamika na Wakenya wengi kwa sababu ya kilele cha tatu cha Mlima Kenya, chenye urefu wa mita 4,985, na shule ya upili ya wavulana iliyoko Nairobi. Ni wachache wanaolihusisha na nyasi. Ilhali maisha ya kiongozi huyo wa kiroho wa Wamaasai, aliyefariki Machi 1911, yalitawaliwa na suala moja: ng'ombe walishwe wapi.

Alikuwa mwana wa Mbatian, laiboni mashuhuri aliyeaga dunia karibu mwaka wa 1890. Masimulizi yanaeleza kwamba mzee huyo, macho yakiwa yamefifia, alikusudia kumkabidhi mwanawe mkubwa Sendeyo vifaa vya ulaiboni, lakini Lenana akatangulia na kujifanya ndiye. Kisa hicho kinafanana mno na kile cha Yakobo na Esau katika Biblia. Lisilo na shaka ni kwamba ndugu hao walipigana kwa miaka mingi, hadi Sendeyo aliposalimu amri mwaka wa 1902.

Urithi waliougombania ulikuwa tayari umeharibika. Maradhi ya sotoka yaliingia kutoka kaskazini, na mwanzoni mwa miaka ya 1890 yakafagia ng'ombe pamoja na nyati. Katika sehemu nyingi inakadiriwa kuwa walikufa ng'ombe tisa kati ya kila kumi. Ndui ikafuata, ikaua watu.

Nyanda zilibaki bila mifugo, na hilo likazigeuza. Ng'ombe wanaohamahama hula nyasi zikiwa changa, huacha mbolea na kuondoka kabla mizizi haijadhoofika. Wafugaji nao huchoma majani makavu ili miche ya miti isikue. Mahali palipokuwa na maboma huota nyasi tamu kwa miongo mingi, nao swara na punda milia huzifuata. Wanyama wanaokula majani wanapotoweka, nyasi hurefuka na kukauka, vichaka husonga mbele na mbung'o hupata makao. Wazungu waliofika baadaye waliona ardhi tupu, wakadhani haina wenyewe.

Sehemu ya nyanda hizo ndiyo leo huitwa Njiru, mashariki mwa Nairobi, penye udongo mweusi unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Wafugaji walizitumia nyanda za Athi msimu wa mvua, kisha wakarudi kwenye maji na miinuko ya Ngong jua lilipozidi. Reli ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 600,000 katika kaunti ndogo ya Njiru.

Akiwa na njaa upande mmoja na Sendeyo upande mwingine, Lenana aliwaegemea Waingereza, nao wakamtambua kuwa mkuu wa Wamaasai wote, cheo ambacho mila haikumpa laiboni yeyote. Agosti 10, 1904, yeye na wenzake walitia saini mkataba na Kamishna Donald Stewart. Wamaasai waliondoka Bonde la Ufa na kupewa maeneo mawili, moja Laikipia na jingine kusini mwa reli, kwa ahadi kwamba yangekuwa yao maadamu kabila lao lingedumu.

Ahadi hiyo haikutimiza miaka saba. Lenana alipofariki, serikali ilidai kwamba aliacha agizo watu wake wahame Laikipia, dai ambalo hadi leo lina utata. Aprili 1911 mkataba wa pili ulitiwa saini, na katika safari ya kwenda kusini baridi ya Mau iliwaua watu na mifugo. Kesi ya Ole Njogo ya kupinga uhamisho huo ilitupwa mwaka wa 1913.

Malisho yaliyogawanywa hayakubaki yalivyokuwa. Katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka wa 1946 na ambamo ng'ombe hawaruhusiwi, nyasi ndefu zisizo na lishe zimewasukuma nyumbu kuelekea Kitengela, hata imebidi kujaribu kuzifyeka. Kwingineko mifugo imebanwa mahali pamoja hadi nyasi za kudumu zikaliwa mpaka mizizini. Ardhi ikibaki wazi, magugu ya kigeni kama partheniamu kutoka Amerika hujiotea, nayo ng'ombe huyakwepa kwa uchungu wake.

Huko Laikipia mgeni ni mpungate, ulioletwa enzi za ukoloni. Ndovu na nyani hula matunda yake na kusambaza mbegu, huku malisho yaliyochoka yakikosa nyasi za kuuzuia. Karibu na Dol Dol, ambako bado wanaishi Wamaasai wa Mukogodo, mbuzi hula matunda hayo wakati wa kiangazi, na miiba yake huwatoboa midomo na matumbo.