Albert Howard: Bingwa wa ngano aliyegeukia kuvu za mizizini

MNAMO mwaka 1933, mgeni kutoka Uingereza alikuwa mjini Nairobi akijiandaa kwenda kulitazama Bonde la Ufa. Kabla hajaondoka, alifikiwa na msimamizi wa shamba la kahawa la Kingatori, karibu na Kiambu, ambaye alikuwa ameagizwa na mwenye shamba, Ewart Grogan, ageuze takataka zote za shamba kuwa mboji. Mgeni akaiacha safari ya bondeni na kushinda Kingatori akielekeza jinsi kazi hiyo inavyofanywa.

Mgeni huyo alikuwa Albert Howard, ambaye wengi humwita baba wa kilimo hai.

Alizaliwa mwaka 1873 huko Shropshire, Uingereza, katika familia ya wakulima, akasomea Cambridge. Mwaka 1899 alipelekwa visiwa vya Karibi kama mtaalamu wa kuvu. Kazi hiyo haikumridhisha, kwa kuwa alitakiwa kuwashauri wakulima ilhali mwenyewe hakuwa na shamba la kujaribia ushauri wake.

Shamba alilipata India. Kuanzia mwaka 1905, akiwa Pusa pamoja na mkewe Gabrielle, naye mtaalamu wa mimea, alizalisha aina mpya za ngano zilizompa sifa kubwa. Mtu mwingine angetosheka na sifa hiyo. Howard alizidi kuamini kwamba mbegu bora ikitiwa katika udongo uliochoka haifui dafu. Tena, jambo lililokuwa adimu kwa maafisa wa enzi ya ukoloni, aliwachukua wakulima wa Kihindi kuwa walimu wake. Huko Indore, alikohamia mwaka 1924, alibuni njia ya kutengeneza mboji kwa mabaki ya mimea na samadi, akaieleza mwaka 1931 katika kitabu alichoandika na Yeshwant Wad. Gabrielle alikuwa amefariki mwaka uliotangulia.

Swali lililomkera ni hili: kwa nini mboji huupa mmea nguvu kuliko kile ambacho wanakemia walikipima ndani yake? Jibu alilitafuta mizizini. Tangu mwaka 1885 Mjerumani Albert Bernhard Frank alikuwa ameupa jina la maikoraiza ule ushirika wa kuvu na mizizi. Katika ziara ya mashamba ya chai ya India na Ceylon, Howard alichukua mizizi ikachunguzwa na Mwingereza M. C. Rayner, kisha akashikilia kwamba kuvu hizo ndizo daraja kati ya mboji na mmea. Hoja hiyo aliieneza katika kitabu chake maarufu cha mwaka 1940.

Hakupatia yote. Alidhani mmea huzimeng'enya kuvu na kujilisha protini yake. Sayansi ya jeni imeonyesha biashara ya namna nyingine. Mwaka 2002 ilielezwa jeni ya mmea inayofanya kazi pale tu kuvu inapokuwa ndani ya seli za mzizi, na kazi yake ni kupokea fosforasi inayoletwa na kuvu hiyo. Mwaka 2013 ikachapishwa ramani ya jeni za kuvu iitwayo Rhizophagus irregularis. Ilibainika baadaye kwamba haina jeni za kawaida za kujitengenezea mafuta, na mwaka 2017 ikathibitishwa kuwa mafuta hayo hupewa na mmea. Kwa hiyo kuvu haiwezi kuishi peke yake, na hapo Howard alikuwa amekaribia ukweli kuliko wengi waliombeza.

Katika nyanda kavu kama zile za kutoka Kajiado kuteremkia Magadi, ambako migunga husimama pasipo na mvua ya kutegemewa, ushirika huo una uzito wa pekee. Fosforasi husafiri kwa shida katika udongo mkavu, na nyuzi za kuvu hufika pale ambapo mzizi haufiki. Howard aliyeikatiza safari yake ya Bonde la Ufa angepata mengi ya kuchunguza huko.

Alipewa cheo cha Sir mwaka 1934, akafariki Oktoba 1947. Mjane wake Louise, dada wa Gabrielle, alichapisha habari za kazi yake ya India mwaka 1953, mwaka uleule ambao umbo la DNA lilitangazwa.