Maisha ya Tabibu Ibn al-Nafis, na Njia ya Damu Mapafuni

Alauddin Ali bin Abil-Hazm al-Qurashi, ajulikanaye kwa jina la Ibn al-Nafis, alizaliwa nchi ya Sham mwanzo wa karne ya 13. Utabibu aliusoma Damascus, katika hospitali ya Sultani Nuruddin, kwa mwalimu al-Dakhwar. Kisha akahamia Cairo, akakaa huko hata mwisho wa umri wake. Tena alikuwa mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, akisomesha fikihi.

Siku zile matabibu walishika kauli ya Jalinus wa Wayunani, ya kuwa damu hupenya toka chumba cha kuume cha moyo hata cha kushoto kwa vitundu visivyoonekana, vilivyomo katika ukuta ulio baina yao. Ibn Sina naye aliifuata kauli hiyo katika Kanuni yake. Mwaka 1242 Ibn al-Nafis, naye bado kijana, aliisherehesha Kanuni katika mlango wa viungo, akaikataa. Kumkhalifu Ibn Sina ndani ya sherehe ya kitabu chake si jambo jepesi.

Alisema ukuta ule ni mnene, hauna tundu la wazi wala la siri. Damu haina budi kutoka chumba cha kuume, kuingia mapafuni, kuchanganyika na hewa, ndipo irudi chumba cha kushoto. Akautazama na unene wa mishipa: upelekao damu una matabaka mawili, ili kitokacho kichujike, upokeao ni mwembamba, ili kupokea kuwe rahisi, na baina yao lazima pawe na njia. Njia hizo Malpighi wa Italia aliziona kwa darubini mwaka 1661.

Leo yajulikana ya kuwa mshipa ukipungua upana nusu, uzito wa kupita damu huzidi mara 16. Lakini mapafuni njia ni nyingi mno, nazo hutanuka upesi; kwa hiyo upande wa kuume wa moyo hutosheka na nguvu kama sehemu moja katika tano ya ile ya kushoto.

Mzunguko wa mwili mzima hakuufikia. Huo aliubainisha William Harvey wa Uingereza mwaka 1628. Wampao Ibn al-Nafis yote wamemzidishia, na wamnyimao hili la mapafu wamemdhulumu.

Alikufa Dhulkaada 687, yaani Desemba 1288. Yasimuliwa ya kuwa katika ugonjwa wake alishauriwa kunywa mvinyo kuwa dawa, akakataa. Nyumba yake na vitabu vyake aliviachia hospitali ya Mansuri. Kauli yake ikafunikwa na vumbi, hata mwaka 1924 tabibu wa Kimisri, Muhyiddin al-Tatawi, alipoikuta katika hati zilizohifadhiwa Berlin.