Marie Curie na Mionzi Iliyobadili Mwili Wake

Mtahiniwa, ukifika kwenye mada ya unururifu hutakosa kukutana na jina la Marie Curie. Usiishie kukariri miaka ya tuzo zake. Yasome maisha yake ukiangalia vidole vyake na macho yake, kwa maana humo utaona jinsi mionzi inavyobadili ugumu, unyumbufu na uwazi wa protini.

Utoto na masomo

Alizaliwa Warsaw, Poland, tarehe 7 Novemba 1867, akaitwa Maria Skłodowska. Alikuwa kitinda mimba katika familia ya watoto watano. Wakati huo Warsaw ilitawaliwa na Urusi, na wasichana hawakuruhusiwa kusoma chuo kikuu. Maria akakubaliana na dada yake Bronia: yeye angefanya kazi ya kufundisha watoto majumbani ili Bronia asomee udaktari Paris, kisha Bronia naye amsaidie. Zamu yake ilifika mwaka 1891. Alipata shahada ya fizikia mwaka 1893, akiwa wa kwanza katika mtihani, na ya hisabati mwaka 1894. Mwaka 1895 aliolewa na mwanafizikia Pierre Curie.

Kazi katika banda

Mwaka 1896 Henri Becquerel aligundua kwamba uraniamu hutoa mionzi yenyewe bila kuchochewa. Marie akaamua kuichunguza mionzi hiyo. Mwaka 1898 yeye na mumewe walitangaza elementi mbili mpya, poloniamu na radiamu. Ili kuithibitisha radiamu, Marie alichemsha na kukoroga tani kadhaa za mabaki ya madini ya uraniamu ndani ya banda bovu, mpaka mwaka 1902 akapata takribani gramu 0.1 tu ya kloraidi ya radiamu. Mwaka 1903 alipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia pamoja na Pierre na Becquerel. Pierre alifariki mwaka 1906 kwa kugongwa na mkokoteni wa farasi. Mwaka 1911 Marie alipata tuzo ya pili, ya Kemia, akiwa peke yake.

Vidole vilivyokakamaa

Radiamu hiyo aliishika kwa mikono mitupu. Ncha za vidole vyake zikawa ngumu, zikamwuma na kubambuka ngozi. Pierre naye alijifunga radiamu mkononi kwa saa kumi ili aone itakuwaje. Ngozi iliwiva kama iliyoungua, ikawa kidonda kilichochukua wiki nyingi kupona. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 1901.

Ili uelewe kilichotokea, kumbuka kwamba tabaka la juu la ngozi, kucha na nywele hujengwa kwa protini iitwayo keratini. Chini yake kuna kolajeni, inayoipa ngozi uimara. Kila protini ni mnyororo mrefu wa asidi amino uliokunjwa kwa umbo maalumu na kushikiliwa na vifungo. Umbo likiharibika, tabia za protini hubadilika.

Mionzi yenye nguvu hung'oa elektroni kutoka kwenye atomi. Vilevile huvunja molekuli za maji, na vipande vinavyotokea hushambulia protini zilizo karibu. Matokeo makuu ni mawili:

(a) Mnyororo hukatika. Protini hupoteza uimara wake.
(b) Minyororo jirani hufungana. Protini hukakamaa na kupoteza unyumbufu.

Zaidi ya hayo, mionzi huumiza seli zinazotengeneza protini mpya. Ndiyo maana kidonda cha mionzi huchelewa kupona, na mara nyingi huacha kovu gumu lenye kolajeni nyingi.

Macho yaliyofifia

Katika miaka ya 1920 Marie alipata mtoto wa jicho, akafanyiwa upasuaji zaidi ya mara moja. Lenzi ya jicho imejaa protini zilizopangika vizuri kiasi cha kuruhusu mwanga kupita. Mionzi huharibu protini hizo pamoja na seli za lenzi. Protini hujikusanya katika mafungu, mafungu hayo hutawanya mwanga, na lenzi huwa na ukungu. Fikiria ute wa yai: ni mwangavu, lakini ukiupasha moto huwa mweupe na mgumu, wala haurudi ulivyokuwa. Chanzo ni tofauti, kwani huko ni joto na huku ni mionzi, lakini katika yote mawili protini zimepoteza umbo na kushikamana.

Zingatia tofauti hii: ngozi hujibadilisha, ya zamani ikabambuka na mpya ikaota. Protini za katikati ya lenzi hudumu nawe maisha yote. Kwa hiyo madhara ya jicho hujilimbikiza.

Mwisho wa maisha yake

Marie aliwataka wanafunzi wake watumie koleo na ngao za risasi, ilhali yeye mwenyewe mara nyingi hakujikinga. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza aliendesha pia magari ya eksirei kwa ajili ya askari majeruhi. Alifariki tarehe 4 Julai 1934 kwa upungufu wa damu uliotokana na uboho wa mifupa kushindwa kufanya kazi. Madaftari yake bado yananururisha, kwa sababu nusu uhai ya radiamu-226 ni takribani miaka 1,600.

Usihitimishe kwamba mionzi ni adui. Nguvu ileile inayovunja seli za ngozi hutumika kuua seli za saratani. Linaloamua ni kipimo, na kinga yako ni mambo matatu: punguza muda, ongeza umbali, weka kizuizi.

Jipime

1. Eleza njia mbili ambazo mionzi hubadili protini, na athari ya kila moja.
2. Kwa nini ngozi ya Marie iliweza kuota upya lakini lenzi zake hazikuweza?
3. Ni sehemu gani ya radiamu-226 itakayobaki baada ya miaka 3,200?
4. Fundi wa eksirei husimama nyuma ya ukuta wenye risasi, lakini mgonjwa hasimami hapo. Toa sababu.