Picha moja tu na unatoka fiti: Stori ya Seydou Keïta, mfalme wa studio za Bamako

Siku hizi ukienda studio unapigwa picha hamsini, halafu unakaa hapo ukichagua moja ya kuweka mtandaoni. Sasa fikiria mpiga picha anayekupa nafasi moja tu. Anabonyeza mara moja, imeisha hiyo. Ukifumba macho, shauri yako! Hivyo ndivyo Seydou Keïta alivyofanya kazi, na bado watu walipanga foleni kwake.

Keïta alizaliwa Bamako, Mali, mnamo 1921 hivi, nchi ikiwa bado chini ya Ufaransa. Shule hakuenda. Alifunzwa useremala tangu utotoni, na pengine angekufa akitengeneza viti na vitanda. Lakini mwaka wa 1935 anko yake alirudi kutoka Senegal na kamera ndogo ya Kodak, akampa. Kijana akanasa! Alianza kupiga picha watu wa nyumbani na majirani, na kazi ya kuosha picha kwenye chumba cha giza akaipata kwa Mountaga Dembélé, mwalimu wa shule aliyekuwa pia mpiga picha.

Mwaka wa 1948 akafungua studio yake kwa boma la familia, mtaa wa Bamako-Coura, karibu na jela kuu. Stesheni ya treni haikuwa mbali, kwa hivyo wasafiri nao walikuwa wateja. Hiyo ndiyo location, msee.

Sasa cheki vile alikuwa anafanya. Kamera yake ilikuwa lile dubwana la miguu mitatu, filamu yake ikiwa na upana wa sentimita 13 kwa 18. Ukichungulia kwa kioo cha nyuma unamuona mteja kichwa chini, miguu juu. Filamu hiyo ilikuwa bei, na ndiyo maana Keïta alipiga mara moja tu. Kila kitu kilipaswa kuwa sawa kabla ya kubonyeza.

Taa? Taa yake kubwa ilikuwa jua. Alipenda kupigia picha uani, mchana, kwa sababu mwanga wa jua hauna bili. Lakini usidhani jua ni rahisi. Likikupiga utosini saa sita, macho yanageuka mashimo meusi na pua inaangusha kivuli mdomoni. Angalia picha za Keïta: nyuso zimeng'aa taratibu, ngozi nyeusi inaonekana vizuri hadi chale za usoni unaziona. Hapo hakuna kubahatisha.

Nyuma ya mteja alitundika kitambaa. Cha kwanza kilikuwa kile cha kutandika kitanda chake mwenyewe, chenye nyuzi zinazoning'inia pembeni. Baadaye akawa anabadilisha kila baada ya miaka miwili mitatu. Mama akija na gauni la maua mbele ya kitambaa cha maua, nguo na ukuta vinakaribia kuwa kitu kimoja, na kinachobaki kukukodolea ni uso na mikono. Hata miaka mingi baadaye, kitambaa ndicho kilichomsaidia Keïta kujua picha ilipigwa lini.

Tukija kwa mapozi, hapo ndipo alikuwa noma. Ukutani alikuwa na picha za mfano ili mteja achague, kisha yeye anarekebisha. Alipenda kukugeuza upande kidogo, bega moja mbele, halafu uso unarudi kwa kamera. Vidole vya akina mama alivipanga vionekane, pamoja na pete na bangili, kwa sababu hapo ndipo heshima ya nyumba ilisomwa. Huna luku? Tulia. Studio ilikuwa na suti tatu, tai, kofia, saa, kalamu, redio, maua ya plastiki. Kulikuwa hata na Vespa, na gari lake la Peugeot 203 pia liliingia kwa picha.

Najua kuna mtu atasema hiyo ni kufeki maisha. Lakini kumbuka ilikuwa enzi gani. Kamera ya mkoloni ilikuwa imezoea kumsimamisha Mwafrika kama kielelezo, au kumpiga picha ya kitambulisho apate kuhesabiwa. Kwa Keïta wewe ndiye uliyelipa, na wewe ndiye uliyesema unataka kuonekana vipi. Unatoka hapo ukiwa na karatasi mkononi inayosema wewe ni mtu.

Mali ilipata uhuru 1960. Miaka miwili baadaye serikali ilimchukua Keïta awe mpiga picha wake, na studio ikafungwa. Alistaafu 1977. Maelfu ya negativu zake alikuwa amezihifadhi nyumbani, kimya.

Halafu mwaka wa 1991 picha zake zikatokea kwa maonyesho huko New York. Watu walishangaa! Shida ni moja: jina lake halikuwepo. Ziliandikwa kama kazi ya mpiga picha asiyejulikana. André Magnin, Mfaransa mpenzi wa sanaa ya Afrika, akafunga safari hadi Bamako kumtafuta mwenyewe, akampata. Mwaka wa 1994 Keïta akapewa maonyesho yake pekee jijini Paris, na picha zilizokuwa ndogo za kuweka mezani zikakuzwa zikajaa ukuta. Alifariki huko Paris mwezi wa Novemba 2001, dunia nzima ikilijua jina lake.

Yeye jina lilirudi. Lakini wengi wa wale aliowapiga hatuwajui hadi leo. Yule jamaa wa suti nyeupe aliyeshika ua moja la plastiki ametazamwa na watu wa kila bara, na wanaomtazama hawajui walie au wacheke naye kwa jina gani.

Kwa hivyo kama kwenu kuna ile albamu ya zamani, na shosho bado yuko, mkalishe chini leo. Fungua ukurasa mmoja mmoja, uliza huyu ni nani, na uandike nyuma ya picha.