Denis Burkitt: daktari aliyetafuta watu wa kusoma habari yake

Sisi wa Kashebere tunaishi kati ya Masisi na Walikale. Tunaijua baridi ya milimani na joto la msituni. Tofauti kama hiyo ilimsaidia daktari Mkristo, Denis Burkitt, kuelewa ugonjwa uliokuwa ukiua watoto. Lakini kuelewa hakukutosha. Ilibidi habari iwafikie wenye uwezo wa kusaidia.

Burkitt alizaliwa mwaka 1911 huko Enniskillen, Ireland. Utotoni alipoteza jicho moja. Alianza masomo ya uhandisi huko Dublin, akampokea Kristo, akageukia udaktari. Mwaka 1946 alifika Uganda, akatumika Lira, kisha akawa mpasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala.

Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita amwone mtoto aliyevimba taya pande zote. Baada ya muda mfupi Burkitt alimwona mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Akafungua kumbukumbu za hospitali, akakuta watoto wengi, na wengine walikuwa na uvimbe tumboni pia.

Mwaka 1958 aliandika juu yao katika jarida la wapasuaji la Uingereza. Wachache tu walijali. Jarida lile lilikuwa la heshima, lakini wasomaji wake walikuwa watu wa kisu, na kisu hakikuweza kuponya ugonjwa ule. Wenye dawa na darubini walisoma mahali pengine.

Burkitt hakuishia hapo. Alituma karatasi zenye picha kwa hospitali za serikali na za misheni Afrika nzima, akiuliza nani ameona uvimbe huo. Mwaka 1961, pamoja na Greg O'Conor, aliandika katika Cancer, jarida la Marekani linalosomwa na wataalamu wa saratani. Mwezi wa tatu mwaka uleule alifundisha katika Middlesex Hospital, London. Aliyekuwepo akisikiliza ni Anthony Epstein, mtafiti wa virusi. Tangu hapo vipande vya uvimbe vilipelekwa kwake kwa ndege kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein, Achong na Barr walitangaza katika The Lancet virusi walivyovigundua ndani yake.

Mwisho wa 1961 Burkitt, Ted Williams na Cliff Nelson walisafiri wiki 10, karibu kilomita 16,000, kwa gari kuukuu, wakipita hospitali kwa hospitali mpaka Afrika Kusini. Waligundua kwamba ugonjwa hufuata nchi za joto na mvua, na ni haba kwenye milima ya baridi. Dawa zilipojaribiwa, watoto wengine walipona kabisa. Burkitt alilala mwaka 1993.

Tujifunze nini? Burkitt alianza na rejista za hospitali. Wauguzi wetu nao huandika kila siku: homa, vifo vya watoto, uvimbe usio wa kawaida. Kumbukumbu ikibaki kabatini ni taa iliyofunikwa. Kabla ya kupeleka habari mahali fulani, tusiulize kwanza jina la mahali hapo ni kubwa kiasi gani. Tuulize nani ataisoma, na je, anaweza kumsaidia mtoto yule? Wazee wa kanisa, watieni moyo wauguzi wa vijiji vyenu katika kazi hiyo. Bwana awabariki.