Salme, binti wa Sultani aliyekulia kwenye vyumba vya sahani na glasi

Ukikulia Mbeya au Iringa unalijua lile kabati la vioo la sebuleni: sahani za maua, glasi za seti moja, na onyo la mama kwamba hivyo ni vya wageni tu. Zanzibar ya karne ya 19 nao walikuwa na kabati lao, ila wao walilijenga ndani ya ukuta kabisa.

Aliyetuachia picha ya mambo hayo ni Sayyida Salme, binti wa Sultani Seyyid Said. Alizaliwa 1844 kwenye kasri la Mtoni. Kwenye kitabu cha maisha yake, kilichotoka Ujerumani 1886, anaeleza kuta nene zenye vidaka virefu hadi darini na rafu za mbao zilizopakwa rangi ya kijani. Humo zilipangwa sahani za kaure na glasi za kuchorwa, kila kimoja na mwenzake. Bei? Kikiwa kizuri, kinanunuliwa tu.

Baba yake alikuwa mfanyabiashara hasa. Alifunga mkataba na Marekani 1833, na 1840 meli yake, Sultana, ilitia nanga New York. Tusisahau lakini: utajiri huo ulitoka kwenye jasho la watumwa wa mashamba ya karafuu, na Salme alitetea utumwa kitabuni mwake. Kurasa hizo leo zinasomeka vibaya.

Mambo yakageuka 1866. Salme alikuwa mjamzito, na mwenye mimba ni jirani yake Mjerumani, Heinrich Ruete. Kwa binti wa Sultani hilo lilikuwa jambo la kufa. Akatoroka usiku kwa manowari ya Uingereza, Highflyer, hadi Aden. Huko akabatizwa 1867, akaitwa Emily, akaolewa, wakaenda kuishi Hamburg.

Miaka mitatu tu baadaye, 1870, mumewe akagongwa na tramu akafa. Salme akabaki na watoto watatu wadogo kwenye nchi ya baridi, huku urithi wake Zanzibar ukizuiwa. Binti wa kasri akawa anafundisha Kiarabu ili watoto wale.

Alirudi Zanzibar 1885 na meli za kivita za Ujerumani. Kaka yake, Sultani Barghash, alikataa kumwona, huyohuyo ambaye Salme alimuunga mkono 1859 alipojaribu kumpindua ndugu yao Majid. Wajerumani nao walimtumia kama karata ya kumbana Sultani, walipopata chao wakamwacha. Akajaribu tena 1888. Urithi hakupata.

Alifariki Jena, Februari 1924, akiwa na miaka 79, akazikwa Hamburg. Inaelezwa kwamba kwenye vitu vyake kulikutwa kifuko cha mchanga wa ufukwe wa Zanzibar.