Maisha ya Siti binti Saad, Mwimbaji wa Unguja

Bila shaka umewahi kusikia taarabu. Labda uliisikia harusini, au katika redio. Katika somo hili utasoma habari za mwanamke aliyeifanya taarabu iimbwe kwa Kiswahili mpaka ikajulikana pwani nzima. Mwanamke huyo alizaliwa katika umaskini. Hakwenda shule. Lakini aliitumia sauti yake kusema mambo ambayo wakubwa hawakupenda yasemwe. Aliwatetea hata watu waliofungwa jela bila haki.

Soma polepole. Mwishoni yako maswali ya kujadiliana na wenzako darasani.

1. Mtoto wa Fumba

Fumba ni kijiji cha kisiwa cha Unguja. Kiko kando ya bahari, kusini ya mji wa Zanzibar. Siti alizaliwa hapo karibu na mwaka 1880. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi. Mama yake alikuwa Mzigua. Asili yao wote wawili ilikuwa bara, lakini mtoto wao alizaliwa kisiwani.

Wakati huo utumwa ulikuwa haujakwisha. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hata hivyo, watu waliokuwa watumwa waliendelea kuwa watumwa. Sheria ya kuwapa uhuru ilitolewa mwaka 1897. Siti alikuwa na umri wa miaka 17 hivi.

Je, unajua wazazi wake walimpa jina gani? Hawakumwita Siti. Walimwita Mtumwa. Hilo ndilo jina lililotumika kumwita alipokuwa akicheza na wenzake, na alipotumwa maji kisimani. Kila alipoitwa, alikumbushwa hali ya watu wake.

Mama yake alikuwa mfinyanzi. Binti naye alijifunza kazi hiyo. Vyungu vilipokauka na kuchomwa, alivibeba kichwani akavipeleka mjini kuviuza. Safari ilikuwa ndefu na mzigo ulikuwa mzito. Njiani na mitaani aliimba ili kuwaita wanunuzi. Sauti yake ilikuwa nzuri, tena ilisikika mbali. Watu walimsikia kabla hawajamwona. Wengine walitoka nje kwa ajili ya sauti hiyo, kisha ndipo wakanunua chungu.

2. Anahamia mjini

Mwaka 1911 aliacha kijiji akahamia mjini. Alikuwa mtu mzima wa miaka 30 hivi. Hakuwa na mali wala elimu ya shule. Alikuwa na sauti yake tu.

Huko mjini alikutana na mpiga muziki mmoja, jina lake Muhsin Ali. Bwana huyu alitambua kipaji chake. Akamfundisha kuimba kwa kufuata vyombo, kama vile udi, ambao ni chombo cha nyuzi. Baadaye Siti aliimba pamoja na kikundi cha wanaume waliojua kazi hiyo. Miongoni mwao walikuwa Subeti bin Ambari, Buda bin Mwendo na Mbaruku.

Usidhani kujifunza kulikuwa rahisi. Mtu asiyejua kusoma hana karatasi ya kumkumbusha. Kila wimbo ilimpasa aushike kichwani, neno kwa neno, ubeti kwa ubeti. Siti alishika nyimbo nyingi sana kwa njia hiyo.

3. Taarabu kwa Kiswahili

Kabla ya Siti, taarabu ya Unguja ilikuwa muziki wa jumba la Sultani. Sultani Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 mpaka 1888, alimtuma mtu Misri kwenda kujifunza muziki huo. Nyimbo ziliimbwa kwa Kiarabu. Watu wengi wa Unguja hawakuelewa maneno yake.

Siti aliweza kuimba Kiarabu. Lakini alichagua kuimba Kiswahili. Hili lilikuwa jambo kubwa. Muuza samaki alielewa. Mchukuzi wa bandarini alielewa. Mwanamke aliyetoka shamba kuuza muhogo alielewa pia. Kwa mara ya kwanza watu hao walisikia taarabu inayosema habari zao, kwa lugha yao.

Watu wakampa jina jipya. Wakamwita Siti, maana yake ni bibi mwenye heshima. Jina la Mtumwa likaachwa. Wakubwa walimwalika katika majumba yao, na Sultani naye alimsikiliza.

Walakini hawakukosekana wenye wivu. Walimtungia wimbo wa kumdhihaki. Walisema yeye si mtu wa kuhesabiwa, kwa kuwa alikuja mjini amevaa kaniki. Kaniki ni nguo nyeusi ya bei ndogo, iliyovaliwa na watumwa na maskini. Walisema pia kuwa bila ya ile sauti angekufa njaa. Hata sura yake waliicheka.

Siti hakugombana nao barabarani. Aliwajibu kwa wimbo. Katika wimbo huo alieleza kuwa uzuri wa sura si kitu cha kujivunia, na kwamba mtu apimwe kwa anachoweza kukifanya. Hakukana kuwa alitoka shamba. Hakuficha kuwa aliuza vyungu.

4. Nyumbani kwake Ng'ambo

Mji wa Zanzibar ulikuwa na sehemu mbili. Upande mmoja ni Mji Mkongwe, wenye nyumba za mawe. Upande wa pili ni Ng'ambo. Huko walikaa watu wa kazi, na wengi wao walikuwa watumwa wa zamani au watoto wa watumwa. Nyumba zao zilikuwa za miti na udongo. Siti alikuwa mtu wa Ng'ambo.

Jioni watu walikusanyika kwake. Walizungumza habari za siku hiyo: nani ameshikwa na polisi, nani ameshtakiwa, nani ameonewa na mwenye kiwanja. Maisha yalikuwa magumu. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja walivyojenga nyumba zao. Mambo kama hayo ndiyo yaliyozungumzwa. Kutoka katika mazungumzo hayo zilizaliwa nyimbo.

Kumbuka kuwa tangu mwaka 1890 Unguja ilikuwa chini ya Waingereza. Sultani alikuwapo, lakini wenye nguvu walikuwa wao. Katika mahakama yao kuu jaji alikuwa Mwingereza. Alizungumza Kiingereza, na maneno ya maskini yalimfikia kwa mkalimani. Maskini alipoingia humo, aliogopa hata kabla hajaulizwa swali.

5. Kesi ya Kijiti

Sasa tufike kwenye wimbo mmoja ambao watu hawajausahau. Unaitwa Kijiti, kwa jina la mtu.

Habari yenyewe ni hii. Mwanamke mmoja kutoka bara alikuja Unguja kuwatembelea rafiki zake. Alikuwa mja mzito. Kijiti akamshawishi watoke pamoja kwenda kustarehe. Huko kulikuwa na ulevi. Yule mwanamke akapelekwa maguguni, akatendwa vibaya, akauawa. Alitoka yu hai, akarudishwa maiti. Mtoto aliyekuwa tumboni naye akafa.

Kijiti hakungoja kukamatwa. Alivuka bahari, akakimbilia bara.

Kesi ikaja mahakamani. Mwuaji hayupo. Waliokuwapo ni wanawake waliokuwa wenyeji wa marehemu. Walikuja kusema waliyoyajua. Ndugu msomaji, ungetazamia nini? Ungetazamia washukuriwe kwa ushahidi wao, na Kijiti atafutwe mpaka apatikane. Haikuwa hivyo. Jaji aliwakasirikia hao mashahidi. Inasimuliwa kuwa walitiwa hatiani kwa sababu ya kile kileo kilichonywewa siku ile. Mashahidi wakaenda jela, na mwuaji akabaki huru.

Watu wa Ng'ambo waliumia sana. Lakini wangefanya nini? Hawakuwa na wakili, wala gazeti la kuandika malalamiko yao. Hukumu ilikuwa imekwisha kuandikwa katika daftari la mahakama, na daftari hilo hawakuweza kulisoma.

Siti akaiimba kesi yote. Alimtaja mwuaji kwa jina lake. Alieleza jinsi mgeni alivyodanganywa. Aliwataja wale wanawake waliofungwa, na akaonyesha jinsi jaji alivyokasirika kitini pake. Alimwapiza Kijiti. Alisema kwa mfano kwamba mwenye kosa amevuka mto salama, na waliozama ni mashahidi.

Hebu fikiri juu ya ujasiri huo. Siti alikuwa mwanamke aliyezaliwa katika jamaa ya watumwa. Jaji alikuwa mtu wa serikali iliyotawala. Hata hivyo Siti alisimama mbele ya watu, akaimba kwamba hukumu ile haikuwa ya haki.

Lazima tuseme kweli. Wimbo ule haukuufungua mlango wa jela. Kijiti hakurudi kwa sababu ya wimbo. Lakini wanawake wale hawakubaki na jina baya. Kila aliyesikia wimbo alijua nani aliyeua na nani aliyeonewa. Tangu hapo, mama alipomwonya binti yake asifuatane na mtu asiyemjua vema, aliweza kumtajia Kijiti.

6. Sauti inaingia katika santuri

Mwaka 1928 kampuni moja ya sahani za santuri iliwachukua Siti na wenzake mpaka Bombay, nchini India. Waliwekwa mbele ya mashine, wakaimba, na sauti zao zikanaswa. Siti alikuwa miongoni mwa waimbaji wa kwanza wa Afrika Mashariki kuimba katika santuri kwa Kiswahili.

Sahani hizo ziliuzwa Unguja, Pemba, Mombasa, Dar es Salaam na miji mingine mingi. Si kila mtu alikuwa na santuri. Mwenye nayo aliiweka hotelini au barazani, na mtaa mzima ukaja kusikiliza. Watu ambao hawakupata kumwona Siti wakawa wanamjua. Nao walipata kusikia kwamba Kiswahili kinafaa kuimbwa na kuhifadhiwa kama lugha nyingine yoyote.

7. Mwisho wa maisha yake

Siti alizeeka huko huko Unguja. Siku zake za mwisho alitembelewa na mwandishi mkubwa wa Kiswahili, Shaaban Robert. Alimsimulia mwandishi huyo maisha yake. Baadaye Shaaban Robert aliyaandika katika kitabu kiitwacho Wasifu wa Siti binti Saad. Kwa hiyo maisha ya mtu ambaye hakwenda shule yakaingia katika vitabu, na yakasomwa shuleni.

Siti alifariki tarehe 8 Julai, 1950. Mwaka 1988 wanawake waandishi wa habari wa Tanzania walianzisha gazeti la kutetea haki za wanawake. Walilipa jina la Sauti ya Siti.

8. Tunajifunza nini?

Siti alikuwa na sauti, akaitumia. Wewe, ndugu msomaji, unayo sauti, tena sasa unajua kusoma na kuandika. Wale wanawake wa kesi ya Kijiti hawakupata mtu wa kuandika upande wao. Ukiona mwenzako ameonewa au amefungwa bila haki, usiache habari hiyo ipotee. Chukua kalamu. Andika jina lake. Andika siku na mahali, na majina ya waliokuwapo. Andika kilichotendeka tu, bila kuongeza wala kupunguza. Karatasi hiyo ihifadhi vizuri, kwa maana siku moja itaulizwa.

Na kama kuna wimbo wa zamani kijijini kwenu unaoeleza jambo la kweli, mwombe mzee anayeujua akuimbie. Uandike katika daftari lako kabla mzee huyo hajatutoka.

Maswali ya kujadiliana

1. Siti aliitwa nani alipozaliwa? Jina hilo linatueleza nini juu ya wakati ule?
2. Kwa nini kuimba taarabu kwa Kiswahili lilikuwa jambo kubwa?
3. Waliomdhihaki Siti walisema nini? Yeye aliwajibu vipi?
4. Nani walifungwa katika kesi ya Kijiti? Je, hukumu hiyo ilikuwa ya haki? Toa sababu zako.
5. Wimbo haukuwatoa wanawake wale jela. Basi uliwasaidia nini?
6. Je, mtu akijua kwamba shahidi anaweza kufungwa, atakubali kusema kweli mahakamani? Jadilianeni.

Zoezi la kuandika

Andika mistari mitano juu ya mtu wa kijiji chenu ambaye aliwahi kumtetea mwenzake aliyeonewa. Kisha wasomee wenzako darasani.